Kamera Mbili Juu ya Kaunta ya Mama Nisha

Wadogo zangu, mmekuwa mkinisimamisha nje ya geti la shule na kuniuliza, "Dada Pili, hivi kazi ya kamera mtu anaingiaje?" Nami nacheka kijinga na kuondoka. Sikuwa naringa. Watu wakizidi wawili mbele yangu, maneno yananikauka mdomoni. Kwenye daftari ndiyo nasema. Nimeandika shajara tangu kidato cha kwanza, nina kaunta buku nne, na mama ameshataka kuzichana afungie vitumbua mara mbili. Nimezifungua tena wiki hii, na hili ndilo jibu langu.

Nina miaka kumi na tisa na ni mstaafu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Mjomba wangu alistaafu bandarini, wenzake wakampa saa ya ukutani na blanketi. Mimi nimestaafu baada ya miaka minne, sikupewa kitu, na sitaki kupewa. Nilichojifunza hakuna anayekihitaji tena kutoka kwangu. Mtaelewa mbele.

Aliyenifundisha ni Bi Somoe. Ni mwanamke wa Lindi aliyekuja Kariakoo zamani akapanga chumba kwenye nyumba yetu, Mtaa wa Mkunguni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kwenye shughuli za wanawake watupu: siku ya singo, bi harusi anaposuguliwa liwa na manukato, siku ya kumfunda, zile shughuli ambazo mwanamume hapiti hata mlangoni. Ndani ya ua wanawake wanavua mabuibui, wanabaki na kanga na nywele zao, wanacheza wanavyotaka. Wanataka picha za siku hiyo, tena wanazitaka sana, lakini hawataki zionwe na mtu. Bi Somoe aliishi katikati ya mambo hayo mawili.

Alinichukua nikiwa na miaka kumi na mitano. Alimwambia mama, mbele yangu, "Nipe huyu. Haongei. Mimi nataka mtu asiyeongea." Niliandika usiku ule kwamba ni mara ya kwanza mtu kunisifia kwa hilo.

Wakati ule kamera ilikuwa ya mkanda. Mkanda mmoja una picha thelathini na sita, na kila moja inauma. Sasa fikirieni ua una wanawake sitini, wote wanataka kupigwa, na watakaonunua picha hawafiki ishirini. Usipompiga mtu, ananuna mpaka harusi inaisha. Ukimpiga, umemaliza mkanda. Bi Somoe alikuwa na flashi ya pembeni inayoweza kuwaka yenyewe bila kamera kupiga. "Shangazi, hapo hapo! Cheka kidogo, usiume meno!" Pwaa! Mwanga huo. Shangazi karidhika, kaenda zake kwenye pilau. Tuliiita picha ya hewa. Shangazi akiulizia wiki ya pili, Bi Somoe anashika shavu: "Ah, shangazi yangu, kipande kile kiliungua." Ndiyo, ni uongo. Nimeamua kuandika yote.

Alinifundisha kubana viwiko mbavuni, kuvuta pumzi, kuishikilia, halafu kubonyeza. Nilipapenda sana hapo pa kushikilia pumzi, maana hakuna anayetegemea uongee. Alinifundisha kutompiga mwanamke mweusi mbele ya ukuta wa chokaa na flashi usoni, kwa sababu utapata ukuta mzuri sana na macho mawili. Msogeze kwenye pazia, mgeuze kidogo, mpe kitu cha kushika. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati la choo, zikarudi na nguvu ya picha tano au sita, mpaka kuku wa mwenye nyumba alipoanza kuzidonoa.

Na niliharibu. Wiki ya tatu nilifungua mgongo wa kamera kabla mkanda haujarudishwa, eti nione kama picha zimeingia.

"Umeziona?" akaniuliza Bi Somoe.

"Hapana."

"Basi na wenyewe hawatoziona."

Nikaanza kulia. Sikupigwa. Alinishika mkono tukarudi kwenye nyumba ya shughuli saa ile ile, watu bado wanaosha masufuria, akamwambia mama wa bi harusi kilichotokea. Yule mama alitutukana vizuri tu, matusi ya kutosha kujaza ukurasa. Tulipotoka Bi Somoe akasema, "Leo wamekasirikia mkanda. Tungengoja kesho wangetukasirikia sisi." Niliyaandika maneno hayo, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kumbe kupiga mstari si kazi.

Sasa sikilizeni utaratibu wa negativu, maana bila huo hamtaelewa. Mikanda ya wanawake haikusafishwa ovyo. Ilisafishwa na Mama Nisha, mama wa Kihindi mwenye duka la picha upande wa pili wa Msimbazi. Kwa mikanda hiyo aliigeuza mashine ikaangalia ukuta, na mume wake mwenyewe alikuwa anatoka nje kwenda kunywa chai. Bi Somoe alikaa kwenye kigoda pale pale mpaka picha ya mwisho itoke. Baada ya hapo picha na negativu zote zinaenda kwa mama wa bi harusi. Anazisogeza negativu kwenye mwanga wa dirisha, anazihesabu, halafu anazifungia kwenye kopo au anazichoma jikoni. Ikishafika hapo, hakuna mtu duniani mwenye picha ile isipokuwa yeye. Wapiga picha hodari kuliko Bi Somoe walikuwepo wengi. Aliitwa yeye kwa sababu alirudisha vyote.

Halafu mambo yakaanza kwenda mbio. Tangu soko huria liingie, Kariakoo ilikuwa inaamka na kitu kipya kila wiki; kontena likishuka bandarini Jumatatu, Alhamisi vitu viko barazani. Kamera za digitali zikaanza kuja, zile ndogo za kuingia mfukoni. Mikanda ikaadimika, iliyokuwepo ikawa imepitwa na muda. Siku moja Mama Nisha akamwambia Bi Somoe, "Dada, mimi mashine ya mkanda nafunga. Dawa zake sipati. Nimeleta mpya, inasoma kadi. Na wewe badilika, nitakusaidia."

Tukaenda Jumamosi asubuhi. Duka limejaa wanaume wanaosubiri pasipoti saizi. Mama Nisha akatandika kitambaa cha njano juu ya kaunta akaweka kamera mbili.

"Hizi ndizo za uwezo wako, dada Somoe. Zote mpya. Chagua moja, nyingine ina mwenyewe anakuja mchana."

Moja ilikuwa nyeusi, nene, nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Kioo chake cha nyuma kidogo kama stempu, lakini juu yake ina tundu la kuchungulia. Inatumia betri mbili za kawaida, zile za kila duka. Nyingine ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, kioo kikubwa kinachong'aa, betri yake maalumu na chaja yake. Ukiiwasha mdomo wake unatoka wenyewe, zzzip. Mimi hiyo zzzip ilinimaliza.

Bi Somoe akashika ile nyeusi. Akachungulia. "Hii ina tundu. Mimi napiga kwa jicho, sipigi kwa runinga." Akaigeuzageuza, akaridhika. Halafu akanisogezea vijitabu vyote viwili. "Pili, wewe ndiye uliyesoma. Niambie zinasemaje."

Wadogo zangu, kile kilikuwa cheo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Nikasoma. Ile nyeusi, bila kadi haipigi hata picha moja. Ile ya fedha ina nafasi yake yenyewe ndani, ya picha chache. Kadi isipokuwemo, inaweka humo. Chini yake kulikuwa na sentensi nyingine ya Kiingereza, ndefu. Inasema kadi ikiwemo, za ndani hazionekani. Niliisoma. Nilielewa kila neno lake na sikuelewa maana yake. Nikainua uso nimuulize Mama Nisha, "Sasa zile za ndani mtu anazitoaje?" Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema, "Binti, unachagua kamera au unachagua mchumba?"

Mwenzake akadakia, "Mwache bwana, huyo atamchukua yule mwembamba mwenye kung'aa!"

Duka zima likacheka. Bi Somoe naye akacheka, hakuwa na ubaya. Masikio yangu yakawaka moto. Nikafunga kijitabu.

"Hii," nikasema, nikagusa ya fedha.

"Kwa nini?"

"Ina akiba ndani. Kadi ikiisha inaendelea."

"Na hii yenye tundu?"

"Hiyo ya kizamani, Bi Somoe. Bila kadi haifanyi chochote."

Akaiangalia ile nyeusi mara ya mwisho, akairudisha kwenye kitambaa. "Haya. Aliyesoma kasema."

Ndiyo hivyo nilivyochagua. Mkinitaka ushauri wa kamera, wengi watawaambia muulize inapiga mbali kiasi gani, kioo kikubwa kiasi gani. Mimi nawaambia ulizeni inaweka wapi, na mkishafuta inabaki na nini. Kwa kazi yetu tulihitaji kamera isiyoweza kubaki na kitu. Ilikuwa pale juu ya kitambaa cha njano, na mimi nikaiita ya kizamani.

Wiki za mwanzo zilikuwa za raha, sitaki kudanganya. Picha ya hewa ndiyo iliyokufa kwanza. Bi Somoe alimulika shangazi mmoja kwa mazoea, pwaa, na shangazi badala ya kwenda kwenye pilau akanyoosha mkono: "Hebu nijione."

"Utajiona zikitoka, shangazi."

"Zitoke wapi? Mwenzangu kajiona sasa hivi hapo kwenye kioo."

Bi Somoe akanigeukia, macho yamemtoka, nikabana kicheko mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo kila mtu alipigwa kweli, na kila mtu alitaka kurudiwa kwa sababu ameona kidevu chake.

Lililomsumbua yeye ni negativu. "Nitawarudishia nini?" alikuwa akiniuliza. Kadi tulikuwa nayo moja. Ndipo akatunga utaratibu wake. Picha zikishachapwa na Mama Nisha, tunapeleka picha pamoja na kamera. Mama wa bi harusi anakaa karibu nasi, mimi nabonyeza kufuta, moja moja, yeye anaangalia. Zikiisha, kioo kinaandika hakuna picha. Mimi namsomea kwa Kiswahili. Yeye anasema, "Nimeshuhudia." Na kwa sababu Bi Somoe hakuwa mtu wa nusu, akimaliza anachomoa na kadi yenyewe, anaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kwake kadi ndiyo ilikuwa mkanda. Kamera bila kadi, alisema, ni kopo.

Ikaja singo ya Tausi.

Mama Tausi alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu. Mwanamke wa kujistahi. Sikuwahi kumwona barazani bila buibui, na sauti yake sikuijua ilivyo ikipanda. Alimwita Bi Somoe mwenyewe, akamwambia, "Somoe, mimi sipendi picha. Lakini mtoto ni mmoja. Nakuamini wewe."

Mchana ule ua ulikuwa umejaa. Tausi kakaa kwenye mkeka anasuguliwa liwa, vigoma vinapigwa, wanawake wanaimba. Katikati ya shughuli Bi Somoe akachomoa kadi akakimbilia kwa Mama Nisha kuchapisha za mwanzo, kwa sababu wageni wakizikuta kabla hawajaondoka wananunua. Wakishafika kwao wanasahau. Akaniachia kamera. "Kaa nayo tu. Nakuja."

Nilikuwa nimesimama pembeni kwenye mlango wa stoo. Mama Tausi akaingia katikati.

Sijui nieleze vipi. Alivua mtandio. Nywele zake zilikuwa ndefu, amezisuka mwenyewe, zina mvi pembeni. Akafunga kanga kiunoni akacheza na dada zake wawili, anacheka na kulia vyote pamoja, kichwa amekirudisha nyuma, anamwimbia mwanawe. Ua mzima ukapiga vigelegele. Nikanyanyua kamera. Nikabana viwiko. Ikapiga. Bila kadi ikapiga, zile za akiba. Nikapiga tisa, ya kumi ikakataa. Nilikuwa na furaha kama mwizi. Nilijua nimepata picha kubwa kuliko zote tangu nianze.

Bi Somoe akarudi, akaingiza kadi, tukaendelea. Nilipopata nafasi nikazitafuta zile tisa. Hazipo. Nikabonyeza mbele, nikabonyeza nyuma. Hazipo. Nikadhani kadi ilipoingia imezifuta.

"Ulipiga chochote nilipotoka?" akaniuliza Bi Somoe huku anapanga picha kwenye mkeka.

Mimi ndiye niliyeisifia akiba ile mbele ya duka zima. Ningesema nini? Kwamba akiba niliyochagua imepoteza picha nzuri kuliko zote?

"Hapana," nikasema.

Ni hilo tu. Kwenye shajara ya siku hiyo nimeandika: "Picha tisa zimepotea. Sitasema. Hakuna aliyeumia." Maandishi mazuri, hayakutetemeka hata kidogo.

Siku mbili baadaye tukafuta mbele ya Mama Tausi. Kioo kikaandika hakuna picha. Nikamsomea. Akasema, "Nimeshuhudia," akatumiminia chai ya tangawizi, akaniambia, "Wewe mtoto mpole sana."

Harusi ikapita. Wiki chache mbele ule mdomo wa kamera ukaingia mchanga, ukawa hautoki. Bi Somoe akaipeleka kwa fundi mmoja kwenye vichochoro vya nyuma ya soko, kijana ana kibanda chenye meza na kompyuta tatu. Kabla ya kuikabidhi akachomoa kadi, kama alivyozoea, akaifunga kwenye pindo. Alifanya hivyo kuwalinda wanawake. Na kadi ilipotoka, zile za ndani zikaonekana. Sentensi ile ndefu ya Kiingereza ndiyo ilikuwa inasema hivyo.

Fundi alipoiwasha akazikuta. Akazihamishia kwenye kompyuta kujaribu waya. Moja akaipenda, akaiweka ikae kwenye kioo cha kompyuta muda wote, kioo kimeangalia njia. Mama Tausi, kichwa nyuma, nywele wazi, kanga kiunoni. Wabeba mizigo wakipita wanaiona, wauza viatu wanaiona. Siku ya tatu akapita shemeji yake Mama Tausi.

Tuliitwa alasiri. Mama Tausi alikuwa amekaa chini, amejifunga mtandio mpaka puani ndani ya chumba chake mwenyewe.

"Somoe, picha yangu iko sokoni."

Bi Somoe hakuelewa. Alidhani ni mfano wa maneno. Alipoelezwa akashika kifua. "Mimi nilifuta, Mama Tausi. Ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilikuwa nimekaa. Sasa imetoka wapi?"

"Sijui."

"Apa."

"Wallahi, wallahi tena, hakuna picha yako iliyobaki mkononi mwangu wala kwenye kadi yangu, na wala picha hiyo hatukupiga."

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni karibu na viatu. Nilijua tangu neno la kwanza. Nilijua ni ipi, ya nne au ya tano. Mama Tausi akanigeukia, akasubiri. Bi Somoe naye akanigeukia, anatarajia niseme, ndiyo, hatukupiga. Nikaangalia viatu.

Tukatoka. Tulipofika Msimbazi, katikati ya mikokoteni, nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, tangu swali la dukani. Alisimama palepale. Mkokoteni wa magunia ukaja, mwenyewe anapiga kelele, "Mama, pisha! Mama, utakanyagwa, hii si sebuleni!" Hakusogea. Nikamvuta mkono.

"Mimi nimeapa," akasema.

"Niliona aibu, Bi Somoe."

"Nimeapa kwa Mungu, Pili. Mbele ya mtu."

"Niliona aibu kusema."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza siku ile ile, tuko wawili tu. Mimi nawe kuna aibu gani?"

Akageuka, tukarudi.

Mara hiyo nilisema mwenyewe. Mama Tausi hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni ngapi. Nikasema tisa. Akasema, "Nilikuona mkimya, nikasema moyoni, huyu hana madhara." Halafu akatuomba tutoke, kwa adabu kabisa, akarudia na "tafadhali".

Kwa fundi tulikwenda. Akashangaa. "Dada, mimi nilijua ni za kwenu tu. Ningekuwa na nia mbaya ningeiweka wazi?" Akafuta mbele yetu, kwenye kamera na kwenye kompyuta. Bi Somoe akamuuliza, "Zimebaki ngapi?" Akasema hakuna. "Na hizo kompyuta nyingine mbili? Na waliokuja na flashi diski zao za kuhamishia nyimbo?" Akainua mabega. Hakuwa mkorofi. Hakujua, na hakuna mtu angeweza kujua. Negativu unaisogeza dirishani ukahesabu. Hizi utazihesabu wapi?

Bi Somoe alifunga siku tatu kwa kile kiapo, ingawa shehe alimwambia aliapa kwa asilolijua. Nikamwambia nataka kufunga naye. Akasema, "Hukuapa wewe." Hakusema kwa hasira. Chakula changu cha jioni alikuwa ananitengea kama kawaida, na hilo ndilo lililonishinda kula.

Mama Tausi hakwenda sokoni tena. Dada zake ndio walimbebea kila kitu. Nasi hatukuitwa. Kwanza shughuli mbili zikapita mtaani kimya kimya, halafu zikawa zote. Mama Nisha alijaribu kututafutia picha za pasipoti. Bi Somoe akamshukuru, akamrudishia kamera. Nikamaliza kidato cha nne, mkaniona na begi la kamera tupu, mkadhani bado nafanya kazi.

Miezi michache iliyopita mwenye nyumba wetu alikuwa anamwoza binti yake, na singo ikawa ndani ya ua wetu wenyewe. Bi Somoe hakualikwa kupiga picha. Alikuwa jirani tu, tena mpangaji. Akanunua beseni na vitenge viwili, akavifunga vizuri, tukatoka chumbani kwake tukaingia uani pamoja, hatua ishirini hivi. Ngoma ilikuwa imepamba moto.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na mlango alimwona wa kwanza. Akapandisha kanga kichwani. Wa pili yake akapandisha. Ikazunguka ua mzima namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, kimya, na waliokuwa katikati wakakaa chini wakajifunika nyuso. Vigoma vikanyamaza.

"Endeleeni, jamani," akasema Bi Somoe. "Nimekuja kucheza tu."

Akaweka beseni chini. Akavua buibui lake, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Akafungua na kilemba. Miaka minne sikuwahi kumwona nywele. Shughulini yeye peke yake ndiye aliyekuwa anabaki amejifunga, kwa sababu alikuwa kazini. Zilikuwa chache, nyeupe tupu. Akafunga kanga kiunoni, akaingia katikati ya mkeka, akaanza kucheza, bila ngoma, anaimba na kujipigia makofi mwenyewe.

Alicheza wimbo mzima mpaka mwisho. Kanga hazikushuka.